Wavunaji Wasio na Nyuso

Siku mama yangu alipokatwa mkono nilikuwa jikoni kwake nikichambua mchicha. Naanzia hapo kwa sababu hata wateja wangu hapa Isevya, mjini Tabora, ninapowapima nguo, huanzia hapo. Husema, "Pole kwa mama," macho yao yanashuka kwenye taya langu ambalo halikuunga sawasawa, halafu wanauliza kuhusu picha. Wengi wao hawakuwahi kuiona. Wamesikia tu kwamba kulikuwa na picha ya Kizungu kijijini, na kwamba ndani yake mlikuwa na watu.

Watu walikuwemo, hilo si uongo. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, pana kama mlango wa kabati, yenye fremu nyeusi iliyoliwa kidogo na mchwa. Sehemu yake kubwa ilikuwa mbingu, mawingu mazito ya kijivu yakipita juu ya shamba la nafaka iliyoiva. Ukingoni palikuwa na nyumba ndefu yenye kuta nyeupe na paa la nyasi lililoshuka karibu kugusa ardhi. Mama aliipendea nyumba hiyo. "Kumbe na wao huezeka nyasi," alisema. Katikati ya shamba walikuwepo wavunaji, wameinama kwa mstari, wanaume mbele na mafyekeo yenye mipini mirefu, wanawake nyuma yao wakifunga miganda. Hawakuwa na nyuso. Kila uso ulikuwa tone la rangi tu, kama vile mtu amepitisha kidole. Mmoja peke yake alikuwa amesimama wima, mwanamke aliyefunga kilemba chekundu, na yeye pia hakuwa na uso.

Picha ilitoka Denmark. Mama alikuwa mpishi wa mwanamke mmoja wa Kidenishi aliyekuja Tabora kufundisha watu kufuga nyuki kwenye mizinga ya mbao. Walikaa nyumba moja miaka mingi wakazoeana kama mtu na wifi yake, wakigombana juu ya chumvi na kupatana kabla ya chai. Alipomaliza kazi yake na kurudi kwao alimwachia mama mizinga, cherehani ninayoitumia hadi leo, na picha hiyo.

"Aliichora babu yangu," alimwambia. "Kwetu ziko nyingine nyingi. Hii umekuwa ukiitazama kila unapofuta vumbi, basi iwe yako."

Mama akarudi Goweko, kwenye shamba aliloachiwa na baba, akaitundika picha sebuleni. Kwa muda mrefu ilikuwa pambo tu. Wageni waliitazama, wakauliza ni mtama au ngano, wakaendelea na mazungumzo yao. Mimi nilikuwa nimeshahamia mjini nikishona, na nilipoenda kumsalimia nililala kwenye kochi chini yake bila kuwaza lolote.

Jirani wa mama alikuwa mwanamke wa rika lake. Waliletwa kijijini kama mabibi harusi msimu mmoja, wakazaa pamoja, wakafiwa na waume wao miaka inayokaribiana. Mama alimwita mwenzangu, naye alimwita mama vivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo alinichapa na kunilisha kama mama yangu, na nilimwita mayu, neno letu la Kinyamwezi la kumwita mama. Alikuwa na binti mmoja, aliyempata ukubwani baada ya kupoteza wengine wachanga. Binti huyo alishinda kwa mama. Alimsaidia kurina asali, akamenya viazi, akakaa kwenye kochi akisuka nywele huku ameitazama picha.

"Mimi nitaolewa huko," alikuwa akisema. "Shamba halina hata jiwe moja."

Watu walimsikia akisema hivyo, wakacheka naye.

Akapata mimba. Aliyempa alikwenda Dar es Salaam na simu yake haikupatikana tena. Uchungu ulipomshika mtoto alitoka amekufa, na damu ikakataa kukoma. Wakampakia kwenye bodaboda, mama yake akiwa nyuma amemkumbatia, wakaelekea kituo cha afya kwa ile barabara ya vumbi tunayoiita ya misafara. Hawakufika. Mwenye bodaboda aliniambia kwamba alihisi joto la damu mgongoni mwake, kisha akahisi ule uzito umebadilika, akasimamisha pikipiki mwenyewe kabla hajaambiwa. Binti alizikwa na kilemba chake chekundu alichokipenda.

Tulipomaliza matanga, mayu akaja kukaa na mama kama kawaida. Haya nilisimuliwa na mama. Walikuwa wanakoboa karanga. Mayu akainua kichwa.

"Yule ni nani?"

"Nani?"

"Yule aliyesimama."

"Mtu tu wa huko kwao," mama alisema. "Simjui."

"Amefunga kilemba cha mwanangu."

Mama alitaka kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha.

Kwetu kila mtu anajua msukule ni nini, hata asiyeamini. Ni mtu ambaye watu wamemlilia na kumzika, kumbe kaburini limelala gogo la mgomba na mwenyewe amefichwa na mchawi ili amlimie. Hasemi, halali, hachoki. Wanaosema wamewaona wanasema hawana nyuso kama zetu. Mayu alikuwa amesikia hayo tangu utoto wake, kama mimi. Sasa alikuwa mbele ya shamba lenye watu walioinama wasio na nyuso, na mmoja wao amevaa kitambaa cha mtoto wake aliyewahi kusema ataolewa huko.

Akawa anakuja kila siku. Aliweka sahani ya ugali na maharage sakafuni chini ya picha, akasubiri, halafu akaichukua na kurudi nayo kwake. Hakumtukana mama. Hakumwuliza kitu. Nilipofika na kuyaona hayo kwa macho yangu nilimwendea mama.

"Mama, naichukua hii picha niende nayo mjini."

"Ukiitoa leo watasema nimemhamisha."

"Basi tuichome."

"Nikiichoma, mwenzangu atajua nimemchoma mwanawe na yeye anaona." Alikuwa akifunga chupa za asali, hakuinua macho. "Mwache. Huzuni ikishiba itaondoka yenyewe."

Haikushiba. Mayu alimweleza shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Huyu alilima tumbaku, na msimu ule bani lake, nyumba ya kukaushia tumbaku, lilishika moto na majani yote ya mwaka mzima yakawa majivu. Mama naye mwaka huo alipata mahindi na asali nyingi. Mtu aliyeunguliwa akimwona mjane peke yake anajaza magunia, hutafuta sababu. Alikwenda kwa mganga. Mganga akamwambia kwamba wanaolima kwa mjane hawali ugali, na kwamba mlango wao uko ukutani.

Kwanza yalikuja mawe, yakidondoka juu ya bati wakati mama anakula. Halafu akamkuta mbwa wake mlangoni amefunguliwa tumbo, utumbo umezungushwa kwenye kitasa. Mizinga ya nyuki ilipasuliwa kwa shoka na nyuki wakafa kwa wingi kwenye asali yao wenyewe. Mama akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alimsikiliza, akashusha sauti.

"Dada, mimi siamini mambo hayo. Lakini leta hiyo picha uichome mbele ya watu, yaishe."

"Na yule mwenye mtoto?"

Mwenyekiti alimpa mama soda, wakaagana.

Nilimsihi mama aje Isevya. Alikubali, lakini avune kwanza. Ndiyo maana nilikuwa huko jikoni mchana ule, nimekuja kumsaidia kufunga mizigo. Jiko lake lilikuwa kibanda nje ya nyumba. Nilikuwa na maji yanachemka jikoni na mchicha mapajani niliposikia sauti za wanaume uani.

Walikuwa kama sita au saba. Wengi niliwajua, mmoja nilimshonea sare ya shule alipokuwa mdogo. Walikuwa na mapanga na marungu, na mbele yao alikuwa yule shemeji, amevaa shati safi kama anakwenda kanisani. Mama alikuwa amesimama kizingitini.

"Shikamoo," mmoja wa vijana alimwamkia. Mpaka leo naisikia ile shikamoo.

"Marahaba," mama alisema. "Mna nini?"

"Mtoe," shemeji alisema.

"Nimtoe nani?"

"Mtoto wetu. Mtoe kwa amani, hatutakugusa."

"Mtoto wetu tulimzika wote, wewe na mimi. Wewe ndiye ulishuka kaburini kumpokea."

Nadhani hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa ameshuka kweli, na alilia kuliko wote. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto anayetaka kulia tena, na mkono wake ukainuka. Mama aliinua wa kwake kujikinga. Nilisikia sauti niliyoijua, sauti ya panga kwenye mti mbichi, na kiganja cha mama kikaning'inia kwenye ngozi, vidole vikijikunja vyenyewe. Hakupiga kelele. Alikitazama, akakishika kwa mkono mwingine kama mtu anayeshika kitu kisidondoke, akakaa chini.

Mimi nilitoka na sufuria la maji ya moto. Niliyamwaga yote kwenye uso wa yule aliyekuwa karibu. Alikuwa kijana wa sare ya shule. Ngozi ya shavu lake ilishuka mbele yangu, akaangukia magoti akiita mama yake. Nilifurahi. Niliinua sufuria nimpige nalo kichwani, na hapo rungu likanipata tayani. Nakumbuka ladha ya meno yangu mwenyewe, na udongo. Nilikuwa chini, nimelala ubavu, na kutoka hapo niliona ndani ya nyumba kupitia mlango uliokuwa wazi.

Walivunja viti, wakapasua kochi, wakamwaga magunia. Kisha shemeji akasimama mbele ya picha. Mganga alikuwa amemwambia awakate vichwa wote, ndipo watatoka na kurudi kwao. Alianza na wanaume wenye mafyekeo. Alikata turubai la picha kwa pigo moja refu, likatoa sauti kama kitenge kinachochanwa, na nusu ya mbingu ikaanguka mbele. Akapiga tena. Alikuwa analia na kupiga, na vijana wake walikuwa wamerudi nyuma kidogo, wakitazama kama watatokea watu.

Ndipo mayu alipofika. Alikuwa amekimbia kutoka shambani kwake, jembe bado mkononi. Alinipita pale chini, akampita mama, hakututazama. Alimwona shemeji yake amelielekeza panga kwa yule mwanamke wa kilemba.

"Usimkate," alisema. "Shemeji, huyo ni wetu, usimkate."

Akaliachia jembe, akajitupa juu ya picha kwa mikono yote miwili. Panga lilikuwa limeshaanza kushuka. Liliingia katikati ya bega na shingo, likakwama kwenye mfupa. Shemeji alilivuta na halikutoka. Akamkanyagia mguu, akalivuta tena.

Vijana walitazamana, wakatoka mmoja mmoja wakitembea, halafu nje wakaanza kukimbia. Shemeji alibaki amesimama akimwangalia mke wa kaka yake akiteleza ukutani na kuacha alama nyeusi juu ya shamba lile la njano.

"Umeniua," mayu alimwambia, bila hasira, kama anamwambia ni saa ngapi.

Naye akatoka mbio.

Nilifunga mkono wa mama kwa kanga, nikaikaza kwa mwiko mpaka damu ikapungua. Bega la mayu nililijaza mashuka. Kuna sauti ndani yangu iliyoniambia nimwache, nimtazame akiisha. Sikuisikiliza kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wamejifungia. Aliyetusaidia ni mnunuzi wa tumbaku aliyekuwa akipita na gari lake dogo la mizigo. Alituona tukitambaa barabarani, akashuka, akatapika, kisha akawabeba wanawake wale wawili akawalaza nyuma juu ya magunia ya tumbaku, bega kwa bega. Mimi nikakaa katikati ya miguu yao nimeshika taya langu kwa mikono miwili lisianguke.

Barabara ile kwenda mjini ina mashimo. Kila shimo lilitoa mlio kwa mmoja wao. Karibu nusu ya safari mayu akafungua macho.

"Mwenzangu."

"Niko hapa," mama alisema.

"Ametoka?"

Mama alikuwa amepauka kama majivu, midomo imemkauka. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa kifuani kwake ndani ya kanga.

"Ametoka," alisema. "Nimemwona akipita mlangoni. Alikuwa mzima."

Mayu akafumba macho. Nilitaka kumziba mama mdomo. Taya langu halikufunguka, vinginevyo ningesema maneno ambayo wasingeyasahau wote wawili.

Hospitali ya Kitete walimkata mama mkono juu kidogo ya kifundo, kwa sababu kiganja hakikuwa na cha kuokoa. Mayu walimpasua na kumshona kwa muda mrefu, na alikaa siku nyingi akipumua kama kiriba kinachovuja, lakini akapona. Mimi walinifunga taya kwa waya. Mama na mayu walilazwa kitanda na kitanda. Jamaa za mayu walikuwa wametawanyika kwa kuogopa polisi, kwa hiyo aliyewalisha wote wawili alikuwa mimi, nisiyeweza hata kufungua mdomo wangu mwenyewe. Nilimpa mayu uji bila kumtazama. Siku moja nilimletea mama samaki na mchuzi, na kwa mayu nikaweka ugali mkavu.

"Na yeye mpe samaki," mama alisema.

Nilitikisa kichwa.

"Mwanangu, mpe. Mimi siwezi, sina mkono."

Nikampa. Nilimwekea kichwa cha samaki chenye miba mingi. Alikila chote, polepole, akitoa miba kwa vidole na kuipanga ukingoni mwa sahani.

Shemeji alikamatwa kwenye stesheni ya reli akisubiri treni, amekaa tu kwenye benchi, shati lake halijafuliwa. Vijana walikamatwa baadaye, isipokuwa yule niliyemuunguza, ambaye alijisalimisha mwenyewe kwa sababu ya maumivu. Mahakamani picha ililetwa kama kielelezo, imetolewa kwenye fremu na kufungwa kwenye gunia. Walipoifungua, karani mmoja alisogeza kiti chake nyuma. Ilikuwa imepasuka mara tatu kwa upana, na damu ya mayu ilikuwa imekauka juu ya shamba ikawa rangi ya udongo wetu.

Mayu alitoa ushahidi. Wakili alimwuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyemwambia shemeji yake kwamba mtoto yumo ndani ya picha.

"Ni mimi," alisema. "Kosa la kuona ni langu. Kosa la kukata ni lake."

Shemeji alifungwa. Vijana nao walifungwa: wawili waliokuwa nyuma bila kumgusa mtu walipewa miaka mingi kuliko ambayo ningewapa mimi, na wengine walipewa pungufu. Yule wa sare ya shule alipita mbele yangu na uso wake uliovutika upande mmoja. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Sikuona huruma. Ilinijia baadaye, na hata sasa huja na kuondoka.

Yule mwanamke wa Kidenishi alikuwa na desturi ya kumpigia mama simu kila Krismasi. Alikuwa mzee sana sasa, Kiswahili chake kimekuwa cha zamani, cha maneno ambayo siku hizi hatuyasemi. Mama hakutaka kuzungumza, kwa hiyo nilimweleza mimi. Nilimtumia picha niliyoipiga mahakamani kwa simu yangu.

"Bibi," nilimwambia, "naomba uniambie kitu kimoja. Huyo wa kilemba chekundu alikuwa nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu watu wamekatwa kwa ajili yake."

Akanieleza. Babu yake alikuwa mtoto wa mwenye shamba kubwa, na kwao wanamsifu kama mchoraji wa mashamba tulivu. Picha zake zimetundikwa kwenye majumba ya watu wenye uwezo, na watu husimama mbele yake wakahisi wamepumzika. Wakati wa mavuno familia yake ilileta vibarua kutoka nchi jirani iliyokuwa maskini, wasichana wengi, wakilala ghalani juu ya majani. Enzi hizo mwenye shamba kumpiga kibarua halikuwa jambo la kushangaza mtu. Babu aliweka turubai lake ukingoni mwa shamba akawaamuru waendelee kuinama mpaka amalize, jua liwe kali au mvua inyeshe. Msichana mmoja alichoka akanyoosha mgongo. Babu alishuka shambani na fimbo yake, akampiga mbele ya wenzake mpaka akaanguka, na jicho lake moja halikuona tena.

"Halafu akarudi kuchora," alisema. "Akamchora vile vile, amesimama. Bibi yangu alimwuliza kwa nini hakumwinamisha kama wengine. Akasema picha ilihitaji nyekundu kidogo mahali pale."

"Na nyuso zao?"

"Hakuwa akizitazama nyuso zao." Nikasikia akivuta pumzi. "Nilikuwa ninajua haya nilipompa mama yako. Niliona anaipenda. Nilidhani ikiwa mbali na kwetu itakuwa picha tu."

Nilikata simu bila kumuaga. Nilikaa kidogo mbele ya cherehani yake. Kisha nikaenda kumweleza mama, aliyekuwa amekaa uani kwangu akijifunza kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto, kipande kimebanwa kati ya magoti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hawakutaka kuwa pale," alisema.

"Hawakutaka."

"Na walipigwa."

"Ndiyo, mama."

Akageuza muhogo, akaendelea kumenya. "Basi mwenzangu hakukosea sana. Alikosea mtu tu."

Nilimkasirikia kwa neno hilo kwa wiki nzima. Nilimwambia kwamba mkono wake umezikwa Kitete na yeye anamtetea aliyesababisha. Aliniuliza kama nimemaliza, nikasema bado, akaniambia basi endelea. Nikaendelea. Alikuwa akitikisa kichwa na kumenya.

Kesi ilipokwisha, mahakama ilituita tukachukue mali yetu. Nilimuuliza yule bibi wa Kidenishi kama anaitaka irudi kwao. Alisema hapana, kwa sauti ndogo. Mama akasema nimpelekee mayu.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi nikienda nitalia, na yeye atalia, na hatutasema kitu."

Nilipanda basi na gunia lile mapajani. Nilipita mbele ya nyumba ya mama. Paa lilikuwa limeng'olewa bati kadhaa, na magugu yamefika dirishani. Mke wa yule shemeji alikuwa akichanja kuni karibu na bani lililoungua, panga lake likipanda na kushuka. Mwili wangu wote ulikakamaa kwa ile sauti. Aliniona, akaacha kuchanja, akaliweka panga chini nyuma ya mguu wake ili nisilione. Hatukusalimiana.

Mayu alikuwa mlangoni kwake. Bega moja lilikuwa chini kuliko jingine na shingo yake ilikuwa na kovu lililovimba kama kamba. Nilimwamkia kwa sababu nililelewa hivyo. Akaitikia. Nikafungua gunia, nikalinyoosha turubai lile lililopasuka juu ya mkeka wake, nikakaa pembeni nikingoja. Nilitaka kuona afanye nini. Nakiri nilitaka liwe jambo baya.

Aliinama akalitazama kipande kwa kipande. Aliigusa mbingu, akaigusa damu yake mwenyewe, akamgusa yule mwanamke aliyesimama. Alikaa naye muda.

"Hayumo," alisema.

Nikamweleza habari za yule msichana na jicho lake, kwa ufupi, kwa sababu nilijua mama angeniuliza kama nimesema. Mayu alisikiliza.

"Alikuwa na mama yake?" aliuliza.

"Sijui. Bila shaka."

"Alikuwa mbali naye," alisema. Akalikunja turubai, akaliweka juu ya sanduku lake la nguo. "Acha likae hapa. Kwangu kuna nafasi."

Alijua nakuja, alikuwa amechinja kuku tangu asubuhi. Nilinusa mchuzi kabla hajasema. Alileta maji ya kunawa, akanimiminia kwa mkono wake mzima. Alileta ugali, akaleta kuku, akaniwekea paja na firigisi, sehemu za mgeni wa heshima. Kisha akakaa mbali kidogo, amegeuza uso pembeni ili nile bila kutazamwa. Nilikitazama chakula kile. Nilikuwa na njaa. Nilishika tonge, nikalirudisha. Nilikunywa maji, nikamshukuru, nikasema basi litaniacha.

"Haya, mwanangu," alisema. "Msalimie mwenzangu."

Mama alinipigia nikiwa bado kituoni nasubiri.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Alikupikia nini?"

"Kuku."

"Ukala?"

Basi lilikuwa linakuja, vumbi limetangulia. Ningeweza kumdanganya.

"Sikula, mama."

Nilisikia uani kwangu mtu anatwanga, na mama akimwambia atwange taratibu. Kisha akarudi kwenye simu.

"Basi itabidi urudi ukale," alisema.